Nyayo Mia Moja na Kumi na Sita

Kambu, Makueni
9 Juni 2025

Kwa Musyimi, Doha

Mpendwa ndugu yangu Musyimi,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Habari za huko na za kazi? Hassan, kijana wa jirani yangu Mwanamkasi aliyekuletea barua hii, anasema ameambiwa mwezi huu jua la huko huchomoza likiwa tayari limekasirika. Natumai ule mgongo uliokusumbua mwaka jana umepata nafuu, na kwamba unakula chakula cha maana, si mkate na soda tu.

Sisi tunaendelea. Baba Mbula anameza dawa za presha na analalamika juu ya chumvi kila siku, kana kwamba mimi ndiye niliyemkataza. Mimi ni macho. Miwani ninayotumia kutunga uzi kwenye cherehani ndiyo ninayoandikia sasa, kwa hiyo ukiona mistari inapanda mlima usidhani nimeanza kulewa. Ndengu tulivuna kidogo. Mvua ilianza vizuri, halafu ikatuacha kama mgeni aliyekumbuka ana safari nyingine.

Yvonne alinipigia kutoka Kitui wiki iliyopita. Yeye na wavulana wako wako salama. Miguu inamvimba jioni lakini daktari amesema ni kawaida ya miezi hii, na kwamba mtoto amekaa vizuri. Nimemshonea madera mawili ya kupumulia, moja la kijani na moja la maua.

Ni huyo mtoto aliyenifanya nishike kalamu. Yvonne aliniambia ni mvulana. Akaniambia pia, kwa sauti ya chini ya mtu anayeogopa kuchongea, kwamba mlipozungumza juu ya jina ulikataa. Wavulana wako wawili wamebeba majina ya wazee wa pande zote mbili. Huyu wa tatu, kwa desturi yetu, zamu ni ya ndugu ya baba. Na ndugu ya baba ni mmoja tu. Ulimwambia, "Mtoto wangu hatabeba jina la mtu aliyejiharibia mwenyewe kwa pombe."

Sikukasirika, Musyimi. Nilikaa nikiwa nimeshika simu hata baada ya Yvonne kukata. Ndugu yetu Munyao hakuacha mtoto. Jina lake likikosa mahali kwako, halina mahali pengine pa kwenda. Na sababu unayolinyimia si ya kweli, na wa kukueleza kwamba si ya kweli ni mimi.

Sikutaka kukueleza kwa simu. Wewe hupiga ukiwa katikati ya kazi, mtandao hukatika, na mimi ningekatika kabla ya mtandao. Kwa hiyo nimeandika, na Hassan ameahidi kuiweka mkononi mwako. Huenda ukimaliza kuisoma usitake kusikia sauti yangu kwa muda. Nimelifikiria hilo pia. Wewe ndiye ndugu pekee niliyebaki naye, na bado nimeona heri uisome.

Nianze mbali kidogo, kwa sababu wewe ulikuwa mdogo na mengine uliyasikia ukiwa shule ya bweni.

Unaukumbuka mto wetu kule Kanyangi, ule ambao ni mchanga mwaka mzima isipokuwa wiki mbili. Munyao alianza kuruka pale, akiruka visima vya mchanga ambavyo akina mama walichimba kutafuta maji. Mama yetu, mwaitu, alimchapa kwa hilo mara nyingi, kwa sababu kisima kikibomoka ni maji ya watu yamefukiwa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kubaki nyumbani kuwalea ninyi wawili wakati mwaitu akilima vibarua. Nikaona heri nimtafutie mahali pake. Nilichukua ubao mmoja wa kitanda cha marehemu baba, tukaufukia mchangani ukabaki uso tu. Hapo ndipo alipokanyagia kwa miaka kumi.

Shida yake ilikuwa kujua aanzie kukimbia wapi ili mguu ufike kwenye ubao bila kuutafuta. Alihesabu kwa nyayo zake mwenyewe, kisigino kwa kidole, lakini alikuwa na miaka kumi na minne na miguu ilikuwa bado inakua. Kila muhula hesabu iliharibika. Siku moja akanitazama chini akasema, "Kaveke, wewe miguu yako imeshamaliza kukua, sivyo?" Tangu siku hiyo kipimo chake kikawa nyayo zangu. Nilivua ndala, nikageuzia ubao mgongo, nikahesabu kisigino kwa kidole mpaka mia moja na kumi na sita, nikaweka jiwe. Yeye alianzia pale bila kuuliza.

Wengine walimshangaa kwa sababu hakuwa akitazama chini. Alisema, "Mimi kazi yangu ni mbele. Ubao ni kazi ya dada."

Alishinda wilaya. Alishinda mkoa kule Embu, akiwa na viatu vya misumari ambavyo fundi wa Kitui mjini alikuwa ameviwekea soli ya tairi. Mwaka wa tisini na nane akawa bingwa wa nchi nzima wa kuruka mbali, na mwaka uliofuata akawa tena. Alivuka mpaka mara moja kushindana Dar es Salaam, akarudi na medali ya shaba na kanga ya mwaitu. Mwaitu aliivaa ile kanga mpaka maandishi yakafutika. Medali aliiweka kwenye mkebe wa mafuta ya Kimbo pamoja na mbegu za malenge.

Usidhani ubingwa ulimpa maisha. Walimwahidi kazi kwenye timu moja ya askari, akaenda kuuliza mara saba, mara ya saba akaambiwa mwenye faili amehamishwa. Alikuwa akifanya mazoezi asubuhi na mchana anapasua mawe ya kokoto. Nakumbuka siku aliyorudi na medali ya pili. Hakukuwa na kitu nyumbani ila muthokoi wa mahindi ya kukoboa uliolala. Akaula ukiwa baridi, amesimama mlangoni, medali shingoni, akasema, "Bingwa wa Kenya anaomba chumvi." Mwaitu alicheka mpaka akakaa chini.

Kisha ukaja mwaka wa elfu mbili na yale majaribio ya Nairobi ya kuchagua watakaokwenda ng'ambo. Hapa ndipo ninapotaka unisome polepole.

Kocha wake alikuwa amenipa kitambulisho cha msaidizi, kama miaka iliyotangulia. Alikuwa ametuambia mara nyingi tununue futi ile ndefu ya kamba, tupime mara moja, tuandike mita na sentimita. Tulisema ndiyo, kila mwaka tukasema ndiyo. Unatujua sisi: kitu kikifanya kazi hatukigusi mpaka kivunjike.

Nilikuwa nimeolewa miezi sita tu. Baba Mbula aliona aibu mke wake aende Nairobi na ndala, akaninunulia viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Alinunua namba kubwa kidogo ili visinibane. Hakuniuliza namba yangu, alitaka iwe zawadi. Nilivipenda sana. Nilivivaa nikaenda navyo.

Asubuhi ile mvua ilinyesha na ratiba ikachelewa. Waamuzi wakasema hakuna kukimbia kwa kujaribu, kila mtu aweke alama yake, waanze. Nikashuka uwanjani. Nikavua viatu kama siku zote, nikavishika mkononi, nikaanza kuhesabu pembeni ya njia ya kukimbilia, kwenye nyasi. Nilikuwa nimefika kama kumi na mbili nikasikia wasichana wawili wa timu nyingine waliokuwa wamekaa karibu.

"Cheki miguu ya huyo mathe," mmoja alisema. "Imepasuka kama shamba la Ukambani."

"Panda mahindi hapo," mwenzake akasema, "pengine mvua ya leo itasaidia."

Wakacheka, na kaka mmoja mwenye kamera ya televisheni naye akageuka kutazama. Walikuwa watoto, walisema utani wa watoto. Lakini mimi nilikuwa na miaka ishirini na saba, mke mpya, na miguu ile niliichuma kwa kuchota maji na kulima shamba la mwaitu. Nikarudi kwenye ubao, nikavaa viatu, nikaanza upya. Nikahesabu mia moja na kumi na sita nikiwa nimevaa viatu vya namba kubwa, nikachomeka alama, nikapanda kwenye viti upande wa pili na kichwa changu juu.

Mimi ni fundi wa nguo, Musyimi. Mbele ya kidole changu, kile kiatu kilikuwa na nafasi ya upana wa kidole kimoja. Upana wa kidole mara mia moja na kumi na sita unapita mita moja na nusu. Ningekata suruali ya mteja kwa namna hiyo angenirushia usoni. Siku ile sikufikiria kabisa. Nilifikiria miguu yangu imefichika.

Mruko wa kwanza Munyao aliondoka kabla ya kufika kwenye ubao. Alikimbia kama anavyokimbia siku zote, akatazama mbele kama siku zote, akaruka mahali ambapo mwili wake ulijua ubao upo, na ubao haukuwepo. Wakapima kutoka kwenye ubao, mita sita na kidogo. Kule kwenye viti mwanaume mmoja akapiga kelele, "Huyo amelewa! Anashuka kabla ya steji ya matatu!" Watu wengi wakacheka. Hapo ndipo lile neno lilipozaliwa, Musyimi. Nililisikia likizaliwa.

Nikatazama viatu vyangu. Nikajua papo hapo. Nikakimbia kushuka lakini askari wa mlangoni akasema mchezo umeanza, hakuna kurudi uwanjani. Nilimwonyesha kitambulisho, akasema nacho kimeisha saa yake. Nikaita jina la Munyao kutoka kwenye uzio, lakini kulikuwa na mbio za wanawake zinaingia na watu wote walikuwa wamesimama wakipiga mayowe.

Mara ya pili alizidisha, akakanyaga mbele ya ubao. Bendera nyekundu. Mara ya tatu nilimwona akikata hatua, akitazama chini, yeye ambaye hakuwahi kutazama chini. Akakanyaga vibaya na goti likageuka. Alianguka upande upande kwenye mchanga uliolowa, hakulia. Alibaki amelala akishika goti kama mtu anayeshika mtoto asiamke.

Jioni yake mmoja wa wale waliosafiri na timu alisema alimwona Munyao usiku uliotangulia mbele ya baa. Ni kweli alikuwa mbele ya baa. Binamu yetu aliyetulaza alikuwa amepanga chumba nyuma ya baa, na mlango ulikuwa huo huo mmoja. Munyao alikunywa soda ya machungwa, na nusu alinipa mimi. Lakini neno lilikuwa limeshapata miguu, na lilifika Kanyangi kabla yetu.

Lilifika kwako pia, najua. Ulikuwa kidato cha pili. Ulikuwa umesimama mbele ya chama cha maombi cha shule kumwombea ndugu yako, na Jumatatu iliyofuata vijana wakakuita shemeji wa chang'aa. Ulikuwa na haki ya kuumia. Ulipomwambia kwenye mazishi ya mwaitu kwamba aliruka kama mlevi na atazikwa kama mlevi, nilikuwa nimesimama katikati yenu na sufuria ya chai. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Nikamimina chai.

Nitakuwa mkweli kwako kwa kila kitu, kwa hiyo na hili nalisema. Baadaye alikunywa kweli. Goti lilikaa kwenye plasta miezi minne na lilipotoka halikukunjika tena sawasawa. Akaenda kupakia mchanga kwenye malori, palepale mtoni alipokuwa akiruka. Alisema mchanga ulimbeba vya kutosha, sasa ni zamu yake kuubeba. Miaka mitatu alikunywa, na mke wake akarudi kwao Mwingi. Mwaka wa elfu mbili na tano akaacha, bila mahubiri ya mtu, na hakugusa tena. Wewe ulikuwa umeshaondoka. Hukumwona akiwa ameacha.

Hukumwona pia alipokuwa mlinzi wa shule ya msingi. Alichimba shimo la kurukia nyuma ya vyoo vya wavulana, akalijaza mchanga kwa toroli wiki tatu. Kila alasiri alikaa kwenye jiwe, mguu umenyooka mbele, akiwafundisha watoto. Hakuna aliyemlipa kwa hilo. Alikuwa akiwaambia, "Usinitazame mimi, mimi sina goti. Tazama mbele." Watoto watatu wa pale walifika mashindano ya kaunti. Na hata na goti lile, akikuta mtaro hakupita kwenye daraja. Aliruka. Mara nyingi aliingia ndani ya mtaro, akatoka na tope akisema amefanya mruko halali.

Mwezi wa pili mwaka huu kifua kikamkamata. Tukampeleka hospitali Kitui, na nilikaa naye siku tano. Siku ya tatu alipata nguvu kidogo, akaomba uji, nikaona ni lazima niseme kabla ya mmoja wetu kuondoka. Nilikuwa nimelibeba miaka ishirini na mitano. Nikamwambia, "Munyao, ile siku ya Nairobi nilipima nikiwa na viatu."

Akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mruko wa kwanza. Nilirudi kwenye alama nikaona vishimo vya visigino kwenye nyasi, kimoja kimoja, vimepangwa kama mbegu." Akaanza kucheka. "Visigino! Kaveke na visigino!" Akacheka mpaka kikohozi kikamshika na nesi akaja kunikaripia mimi.

Alipotulia nikamuuliza mbona hakusogeza alama.

"Nilisogeza. Ya pili nikasogeza kupita kiasi. Ya tatu nikairudisha kidogo. Mimi si fundi cherehani, dada."

Nikamuuliza mbona aliacha watu waseme amelewa. Alikuwa akizungusha kijiko kwenye uji. Kisha akasema, "Mlevi ni mtu mmoja. Akiacha, yamekwisha. Wangejua ni viatu wangeuliza ni vya nani, na nani alivinunua, na kwa nini. Ulikuwa na miezi sita ya ndoa kwa Kilonzo. Ungerudi Kanyangi ukiwa umevibeba kichwani."

"Na Musyimi je?" nikamuuliza.

Akasema, "Musyimi nilidhani atarudi siku moja tuongee. Alikuwa mtoto. Nikangoja." Halafu akaniambia uji hauna sukari.

Alifariki siku mbili baadaye asubuhi, nilipokuwa nimetoka kumfulia shuka.

Sasa sikiliza kosa langu la pili, kwa sababu hili ndilo linaloninyima usingizi zaidi ya lile la kwanza. Kwenye mazishi, Mzee Kitonga wa kanisa alisimama kutoa neno. Alizungumza vizuri juu ya ubingwa wake. Kisha akawageukia vijana akasema, "Jifunzeni. Huyu Mungu alimpa miguu, na pombe ikamtoa kwenye mchanga siku ya siku." Watu wakasema amina. Jeneza lilikuwa mbele yangu, umbali wa meza hii ninayoandikia. Nilikuwa nimeshasamehewa na yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, na bado nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu wageni walikuwa wengi na wifi zangu wa Kambu walikuwepo. Ni haya ile ile ya uwanjani, Musyimi. Nimekuwa mtu mzima na haya yangu haikuzeeka.

Wewe ulituma mchango wa mazishi kwa simu bila neno. Sikukulaumu. Ulikuwa ukimzika mtu ambaye mimi ndiye niliyekutengenezea.

Mwezi uliopita nilimwambia baba Mbula. Tumeishi miaka ishirini na mitano na hakuwahi kujua zawadi yake ilifanya nini. Kisha akauliza, "Vilikuwa namba ngapi?" Nikasema saba. "Na wewe unavaa ngapi?" Nikasema tano na nusu. Akasema, "Nilikusudia visikubane," akatoka kwenda kuangalia mbuzi, ambao walikuwa wameshaangaliwa. Tangu siku hiyo ananiletea chai asubuhi kabla sijaamka. Hakuwahi kufanya hivyo hata nilipojifungua.

Jumapili iliyopita nilikwenda Kanyangi. Niliomba nafasi kanisani wakati wa ushuhuda, nikasimama, nikasema yote, pamoja na habari ya wale wasichana na ya amina waliyosema kaburini. Sauti yangu ilifika mwisho. Mama mmoja akalia. Mzee Kitonga alinifuata nje akaniambia ningemwambia mapema. Nikamwambia ndiyo. Akaniambia tena ningemwambia mapema, nikasema ndiyo tena. Ni mzee, alisikia vibaya kusema uongo juu ya maiti bila kujua. Amesema atarudia neno lake mbele ya watu, na nadhani atafanya hivyo. Walimu wa shule wameniuliza kama nina picha ya Munyao akiwa angani. Ninayo moja, imekunjwa katikati kwenye magoti. Nimewapa.

Kwa hiyo Kanyangi wanajua. Umebaki wewe, na nilitaka usilisikie kwa mtu wa sokoni.

Musyimi, mtoto ni wako na wa Yvonne. Jina ni lenu ninyi wawili, na mimi si mama mkwe wa kuingia chumba cha uzazi na orodha. Mkimwita jina jingine nitamshonea nguo vilevile na kumpenda vilevile. Naomba kitu kimoja tu, usilikatae jina la Munyao kwa sababu ya pombe ya siku ile. Siku ile hakukuwa na pombe. Kulikuwa na dada yake. Ukiwa na sababu nyingine, hiyo ni yako na sitakuuliza.

Kama una hasira, iweke mahali pake. Iondoe kwake, amelala. Ilete kwangu, mimi nipo, na nina nafasi ya kuiweka.

Nimechoka kidogo sasa na mkono unauma. Malori yanapita barabarani na meza inatikisika, ndiyo maana herufi zingine ziko hivyo.

Mbula anakusalimu. Ameanza kazi katika duka la dawa Kitui na anamtembelea Yvonne kila Jumamosi. Baba Mbula anakusalimu na anauliza kama ni kweli huko wanauza maziwa ya ngamia kwenye chupa. Mwanamkasi anakusalimu pia, na anakuomba umtazame Hassan kama mdogo wako, kwa sababu ni safari yake ya kwanza na anajifanya haogopi. Ukiongea na wavulana, waambie shangazi yao amewawekea karanga zao.

Bwana akulinde unapolala na unapoamka katika nchi ya watu, akupe afya, akurudishe uwaone walio wako wakiwa wazima. Amfungulie Yvonne njia nyepesi siku yake ikifika.

Usiharakishe kunijibu. Na hata usiponijibu nitaelewa, kwa maana wewe ulinyimwa ndugu miaka mingi na mimi ndiye niliyekunyima. Lakini mwaitu alituzaa watatu, na sasa tumebaki wawili. Siku utakapoweza kuwataja watu wako mbele za Mungu, unikumbuke na mimi.

Dada yako anayekupenda bila kupunguza,

Kaveke